MT-09, 890 Duke R ao Street Triple RS: ya kupanda hapa Lubumbashi njo gani?

Mudogo wangu mumoja, eko na miaka kama kumi juu ya moto, alianza na 125 ya Kichina, akapita ku MT-07 ya Yamaha, juzi usiku aliniandikia: "Yaya, nilishaweka feza ya kutosha, minataka moto ya kati, ya sport, ya wazi bila karenaji, lakini kila muntu ananivuta kwake, nikamate gani?" Nilianza kumujibu mu telefone, nikaona jibu inakuwa murefu sawa njia ya Kolwezi, njo nikasema basi niandike yote fasi moja, na bengine benye beko mu ile shida basome.

Minalinganisha paka tatu: Yamaha MT-09 ya kuanzia 2021, KTM 890 Duke R, na Triumph Street Triple 765 RS ya kuanzia 2023. Juu ya nini hizi? Juu njo zenye ziko hapa mukononi. MT-09 iko yangu. Duke iko ya rafiki mwenye anatumika ku mine moja ya upande wa Likasi. Street Triple iko ya rafiki mwingine mwenye duka, aliipitisha Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, na hadisi ya duani siieleze hapa, itakula ukurasa yote. Tunabadilishana hizi moto mara mingi, zaidi sana siku ya yenga asubui mbele ya misa, donke sisemi bintu bya kusikia tu.

Na kama hii itakuwa moto yako ya kwanza, simama hapa hapa. Hizi hazina huruma. Farasi karibu 120 juu ya kilo 190, mukono ukishtuka kidogo ku gazi unajikuta chini ya mukia ya kamyo.

Bon, namba, tuzimalize haraka. MT-09: silinda tatu, 890 cc, farasi 119 ku mizunguko 10,000, nguvu ya kuvuta Nm 93 ku 7,000, kilo 189 na bintu byote ndani, kiti milimita 825, tanki lita 14. Duke R: silinda mbili, 889 cc, farasi 121 ku 9,250, Nm 99 ku 7,750, kiti 834, tanki lita 14, na ile kilo 166 yenye banaandika usiiamini sana, banapima moto kavu bila esanse, ukijaza yote inapita 180. Street Triple RS: silinda tatu, 765 cc, farasi 130 ku 12,000, Nm 80 ku 9,500, kilo 188 imejaa, kiti 836, tanki lita 15.

Muntu akisoma hivi anasema Triumph njo bwana ya zote. Ngoja kwanza. Lubumbashi iko metre karibu 1,200 juu ya bahari, na huku juu hewa inakuwa nyepesi, mashini yenye haina turbo inavuta hewa kidogo, inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu ku kila metre 100. Piga hesabu: zile farasi 130 zenye ulilipia, kama 15 hivi zilibakia Durban zinaangalia meli. MT-09 inabakia na 105 hivi, Duke na 106, Triumph na 114. Haiko wizi, zote tatu zinapoteza namna moja, lakini yenye ilikuwa na kidogo ku mizunguko ya chini njo unasikia kabisa kama imepunguka, na Nm 80 ikishakatwa inakuwa 70.

Nieleze vile nilisikia mimi mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa 7, saa kumi na mbili na nusu asubui, baridi ile ya kutoa moshi mu kinywa, tunaenda Likasi, kilomita 120 hivi. Mi niko juu ya RS, rafiki mwenye duka eko juu ya MT-09 yangu. Mbele yetu makamyo mbili zinafatana, zilibeba shaba, zinatembea polepole sababu ya mulima kidogo. Niko mu vitesi ya 6, kama 80 hivi. Njia ikafunguka, nikafungula gazi... moto ikasema "mmm", ikaenda, lakini sawa muntu mwenye banamuamusha mbele ya wakati. Nikashusha vitesi mbili haraka haraka, mizunguko ikapanda 8,000, 9,000, na pale RS ikalia ile kilio yake, lo, mwili yote inasisimuka, hakuna moto ingine hapa inalia vile. Lakini kufika pale MT-09 ilishapita makamyo zote mbili bila kugusa vitesi, yee alifungula tu. Kule Likasi, tukiwa tunakunywa chai, nilimuuliza alikuwa mu vitesi ngapi, akasema hajue, ya 5 ao ya 6. Njo ile. Hajue.

Kwa hiyo kama unauliza tofauti ya kwanza, iko pale. Triumph ilitengeneza mashini yenye inataka kupigwa, na haiko bure, ile silinda tatu ya 765 njo mama ya mashini zenye zinasukuma Moto2 yote, zile mbio za dunia chini ya MotoGP, depi 2019. Ukiwa ku piste inakuwa raha isio na mwisho. Ku njia yetu, njia ya makamyo, ya kupita na kurudi ku mustari wako mbele ya mwingine kutokea, minataka nguvu yenye inakuja nikifungula, haiko nikishatayarisha. MT-09 inatoa vile. Duke inatoa zaidi kidogo, lakini chini ya 3,000 inapiga piga, silinda mbili kubwa hazipendi kutembea polepole mu vitesi ya juu, sheni inagonga, we unashusha vitesi bila kupenda. Mu embuteyaji ya Karfur hiyo inachosha mukono ya ambreyaji.

Ile asubui tena, kurudi, tukabadilishana na rafiki wa upande wa Likasi, mi sasa juu ya Duke yake. Fasi moja kuko kona laini ya kushoto, nikatoka mu kona nikaona papa mumoja anasukuma kinga, makunia ine ya makala juu, mbili zinatokea pembeni sawa mabawa, na yote hiyo iko katikati ya njia paske pembeni kaburimbo ilikatika. Nilikamata freni ya mbele moto ikiwa bado imelala kidogo. Duke R iko na freni kali za Brembo Stylema, na iko na sensa yenye inajua moto imelala kiasi gani, inapunguza freni kufatana na ile. Ikasimama wima, mukia ikanyanyuka kidogo, nikapita na metre moja hivi. Papa hakugeuka ata kichwa. Mi nilisimama mbele kidogo nikazima moto, nikaacha roho irudie fasi yake.

Juu ya ile minaambia bantu, zaidi sana benye banatafuta ya okazio: angalia mwaka. Ile sensa ya kulala, MT-09 iliipata 2021. Zile za mbele, za 847 cc kuanzia 2014 mpaka 2020, hazina. Street Triple RS iliipata 2023, zile za 2017 mpaka 2022, zenye farasi 123, hazina. 890 Duke R iko nayo toka siku ya kwanza, 2020. Muuzishi atakuambia "iko sawa sawa, ni rangi tu njo inabadilika". Haiko rangi tu. Hapa kwetu penye udongo mwekundu unamwagika ku kaburimbo kila fasi makamyo zinatoka mu mine, ile kitu njo yenye minaweza kulipia na macho kufungwa.

Sasa madodane na mashimo, na hapa nitakaa kidogo juu njo penye bantu banadanganyikaka.

Madodane ya Lubumbashi hayana kipimo, kila avenue inajenga yake, ingine sawa kaburi. MT-09 iko na milimita 140 tu chini ya tumbo, na eshapma yake yote imelala pale chini. Wiki ya kwanza mi nilipita dodane moja Kampemba, polepole kabisa, nikasikia krrrr, batoto ba masomo bakacheka. Depi ile dodane kubwa mi nazipita pembeni, ao nikiwa na muntu nyuma anashuka. Duke R iko na 206. Haisikie kitu. Eshapma iko juu pembeni, inapita sawa moto ya pori. Kama we unakaa fasi penye mbele ya kufika kaburimbo kuko kilomita moja ao mbili ya udongo, hapa peke yake Duke ilishashinda.

Mu amortisere: Duke iko na safari, ni kusema vile inaweza kupanda na kushuka, ya milimita 140 mbele na 150 nyuma, MT-09 130 na 122, RS 115 na 131. RS iko na Öhlins nyuma na Showa mbele, bintu bya bei kali, na ku kaburimbo muzuri, ile kipande mupya, unasema hii moto inasoma mawazo. Lakini ikifika penye njia ilitobolewa, milimita 115 inaisha haraka, mikono inapokea yote. Mwenye ile RS alipita mu shimo yenye ilijaa maji mwezi wa 1, upande wa Ruashi, hakuona urefu yake, janti ya mbele ikapinda. Alipata fundi wa kunyoosha, ikanyooka, lakini ukipita 110 gido inatetemeka kidogo mupaka leo, na janti mupya bado anangoja.

MT-09 ya kawaida bazungu banailaumu kama iko laini sana. Kweli, ukiikaza mu kona za mbio inapumua juu chini. Lakini ile laini yenye banalaumu kule, huku mi nikaiona dawa. Nilikaza tu kidogo ya nyuma juu niko na kilo 92, nikafunga mbele klik mbili tatu, basi. Furshi inageuzwa yote, usiogope, andika tu vile ilikuwa mbele ya kugeuza. Kuko na MT-09 SP yenye iko na Öhlins nyuma pamoja na krwizi kontroli, na kama utaipata, ile krwizi ku njia ya Kolwezi utaipenda kupita Öhlins.

Esanse. Iyi bantu habaisemi. Mashini ya MT-09 inakandamiza hewa na esanse 11.5 kwa 1. Triumph 13.25, Duke 13.5. Vile inakandamiza sana njo vile inataka esanse safi, ukiipa mubaya inaanza kugonga ndani sawa muntu anapiga misumari. Bahati yetu kidogo, ile hewa nyepesi yenye ilituibia farasi inapunguza pia kugonga, lakini usijitegemee. Esanse ya bakadafi, ile ya mu bidon pembeni ya njia, Duke na Triumph usizipe ata siku ya shida, afazali usukume. MT-09 nilishaipa mara moja, njia ya Kasumbalesa, station mbili zilikuwa kavu, nikaenda polepole bila kupita 5,000, ikanisamehe. Sijarudia.

Lita 14 zitakupeleka wapi? Yangu nikitembea na akili inakunywa kama lita 5 na nusu ku kilomita 100, nikifata barafiki inapita 6. Kwa hiyo Likasi kwenda na kurudi unapanga vizuri tu, Kolwezi, zaidi ya kilomita 300, utajaza Likasi, usibishe. RS iko na lita 15 lakini vile unaipiga mizunguko, ile lita moja ya zaidi inaenda nayo.

Huile. Hapa mi nilijifunza na maumivu. Moto hizi zote ambreyaji inaoga mu huile ile ile ya mashini. Nilipeleka yangu ku garaji moja yenye inatengenezaka gari, ni bantu bazuri, bakanitolea huile, bakatia mupya, ya bei, ya kung'aa, ya gari. Siku mbili iko sawa. Ya tatu, nikiwa mu mulima na vitesi ya 4, nafungula gazi, mizunguko inapanda, moto haiende, inalia tu sawa mbuzi. Ile huile ya gari banaitiaka dawa ya kuteleza, na ambreyaji haipendi kuteleza. Nikamwaga, nikatia yenye imeandikwa JASO MA2 ku bidon, nikamwaga tena kisha kilomita 300 kusafisha, ikarudi. Bengine inabakia imeungua, banabadilisha diski zote. Ile maneno JASO MA2 iandike nyuma ya karata ya moto, umuonyeshe kila fundi mbele afungule kitu.

Na vumbi. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka mvua ya kwanza, filtre ya hewa usingoje kilomita ya kitabu. Mi naangalia kila 3,000. Ku yangu lazima unyanyue tanki, ni kazi ya saa moja, lakini kazi unafanya nyumbani.

Supapu njo zenye zinatofautisha hizi moto kupita vile bantu banaza. Yamaha inasema kuangalia karibu kila kilomita 40,000. KTM 30,000. Triumph 20,000. Kuangalia peke yake si shida, shida iko ukikuta mwanya ulibadilika, lazima utoe kamshafti, utie kapande kadogo ka chuma ka kipimo kingine, kipimo cha sehemu ya milimita, na kale kapande Lubumbashi hakauzishwi fasi yoyote yenye minajua. Unaagiza, moto inakaa wazi wiki tatu, panya inalala ndani. Mwenye anatembea kilomita 8,000 kwa mwaka, na MT-09 ile hadisi ataikuta kisha miaka mitano, na Triumph kisha miaka miwili na nusu. Hapa kwangu mambo ilishaamuliwa.

Kwa Duke kuko na kitu ingine. Mu familia ya 790 na 890, bantu bengi benye kuzitumikisha balilalamika kamshafti zinakulika. Si zote. Lakini kama unakamata ya okazio, muombe muuzishi afungule kifuniko ya juu mbele ya macho yako na lampe, uangalie ile meno kama iko safi sawa kioo. Akikataa, rudia kwako. Na ujue kampuni yenyewe ilipita mu shida: mwezi wa 11 mwaka wa 2024 KTM iliingia ku tribinali kule Austria kupanga madeni, 2025 wenye kuidai bakakubali mpango, Bajaj ya India ikatia feza. Piesi bado zinakuja, rafiki yangu alipata leva na filtre bila taabu, lakini 890 Duke R yenyewe iliachwa, 990 Duke ilikuja 2024 kukamata fasi yake, donke we utakamata okazio tu, na piesi za moto yenye iliachwa hazikuwe nyingi na miaka.

Bei, kwa kujua tu vile zinasimamana: Marekani MT-09 ya 2021 ilianza ku dola 9,400 hivi, Duke R 11,700 hivi, RS ya 2023 12,600 hivi. Mpaka ifike hapa na barua, duani na usafiri, ongeza vile Mungu ataongoza, lakini kufatana kwao kunabakia ile ile. Kwa hiyo kati ya MT-09 na RS kuko na karibu dola 3,000, na dola 3,000 njo pine seti mingi, kaske muzuri, koti ya ngozi, na bado unabakia na ya kula bukari.

Pine, haraka: zote tatu zinavaa 120/70-17 mbele na 180/55-17 nyuma, ni bahati, tunaagiza pamoja kutoka Afrika Kusini. Duke R na RS zilitoka kiwandani na pine za karibu ya piste, Michelin Power Cup 2 na Pirelli Supercorsa SP. Zitoe. Asubui ya baridi hazishike, mvua ya mwezi wa 1 utaomba bankambo. Tia za safari ya sport, zenye mifereji.

Vile unakaa: MT-09 unakaa wima, gido mupana, upepo unakupiga kifua kuanzia 120, kisha saa moja shingo inajua. Duke karibu ile ile, kiti nguvu sawa benchi ya eglize. RS unalala mbele kidogo, mikono inabeba. Kubeba bibi nyuma, zote tatu zinakataa, lakini yangu inakataa na heshima. Bibi yangu alipanda RS mara moja tu, toka Golf mpaka Kamalondo, akashuka akasema atarudia na taksi, na kweli alirudia na taksi.

Ya mwisho ya bintu bidogo: RS nyingi zinatoka Afrika Kusini ao Uingereza, kule banatembea kushoto. Weka moto mbele ya ukuta usiku, angalia kama mwanga unapanda upande wa kushoto, juu ukiwa huku kulia njo macho ya wenye banakuja utakuwa unapiga.

Kuko bantu batasema mbona haukutia Honda CB750 Hornet. Haki yao. Farasi 92, Nm 75, kilo 190, kiti 795, lita 15.2, na bei chini. Kwa muntu mwenye anatoka ku MT-07 lakini hatafuti kutetemeka kila asubui, iko moto ya akili kabisa, minaweza kuipanda kila siku bila kulia. Lakini mudogo aliniuliza moto ya kumufanya aamuke mbele ya saa, na Hornet haitamuamusha.

Donke mudogo, jibu yako. We unakaa Bel-Air, kaburimbo mpaka ku mulango, unaenda Likasi mara mbili kwa mwezi, fundi wako eko mumoja na anajua Yamaha juu ya MT-07 yako: kamata MT-09, 2021 kupanda, SP kama feza inafika, na dodane ya avenue yenu uipite pembeni. Ungekuwa unakaa kule kwa yaya wako mukubwa, mwisho wa Annexe, ningesema Duke bila kufikiri mara mbili, juu kusema ukweli kati ya zote tatu Duke njo yenye inatembea muzuri kabisa ku njia zetu, ni kamshafti tu na piesi njo zinanizuia. RS, hapana. Najua uliisikia ikilia siku ile ku Karfur, nilikuona uso. Ile kilio iko mu mizunguko 9,000, na mujini utaifikia mu vitesi ya kwanza tu, halafu rulaji watakufikia we.

Lakini mbele ya kutoa feza, siku ya yenga yenye inakuja saa kumi na mbili tunaonana ku mwanzo wa njia ya Likasi, barafiki wote wawili beko. Utapanda ya kila muntu, kilomita 20 kila moja. Leta glove nzito, na MT-07 yako ijaze, juu mi pia minataka kuikumbuka.